Mfuko wa mkononi kwanza, sanduku baadaye: Matayarisho ya afya kwa safari ya kisiwani



Ndugu msomaji, kila inapokaribia Idd au likizo ya shule, familia nyingi za bara huanza kupanga safari ya visiwani. Wapo wanaovuka kwenda Unguja na Pemba kuwaona jamaa, wapo wanaokwenda Mafia, na siku hizi wapo wanaowachukua watoto ili wapumzike tu na waione bahari. Hili ni jambo jema. Kuunga udugu ni ibada, na mwili nao una haki yake ya kupumzishwa.

Lakini ukichungulia chumbani usiku wa kuamkia safari, utaona kazi yote ni ya nguo. Kanzu zimepigwa pasi, mabaibui yamekunjwa, zawadi za wenyeji zimefungwa, na sanduku limekaliwa na watoto wawili ili zipu ipite. Ukiuliza, "Dawa za bibi ziko wapi?" utajibiwa, "Zimo humo humo, chini ya nguo." Hapo ndipo makala ya leo inapoanzia, kwa sababu mimi mwenyewe, pamoja na kuwa ni tabibu, nililifanya kosa hilo hilo, na aliyetaka kulilipia ni mama yangu mzazi.

YALIYOTUKUTA BAHARINI

Ilikuwa ni msimu wa kusi, tunavuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mama yangu ana kisukari kwa miaka mingi na hutumia vidonge. Asubuhi ile baada ya sala ya Alfajiri alimeza kidonge chake kama kawaida. Mimi, kwa kujua kwamba bahari ya kusi huwatapisha watu, nikamwambia, "Mama, leo usile sana." Naye kwa kuogopa kutapika mbele za watu hakula chochote. Alikunywa chai kavu isiyo na sukari, basi.

Boti ilichelewa kuondoka. Tulipofika katikati ya mkondo, mnara wa taa wa Chumbe ukiwa bado hauonekani, nikamwona mama anatokwa na jasho jingi ilhali upepo ulikuwa wa baridi. Mikono ikawa inatetemeka. Nilipomsemesha akanijibu maneno yasiyoeleweka, kisha akaniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha fariki. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akasema, "Huyu amechezewa na wa baharini, msomeeni." Watu wakaanza kusogea.

Nikamwambia, "Mzee wangu, someni, Allah awalipe, lakini mimi natafuta sukari." Kwani nilikwisha fahamu kwamba sukari ya mama imeshuka. Kipimo cha sukari kilikuwa wapi? Katika sanduku. Tende tulizowabebea wenyeji zilikuwa wapi? Katika sanduku. Na sanduku lilikuwa chini pamoja na mizigo mingine, limelaliwa na magunia. Mimi tabibu nilikuwa nimesimama pale mikono mitupu, mfukoni nina simu na tiketi tu.

Aliyetuokoa, kwa uwezo wa Allah, ni bibi mmoja wa kiti cha nyuma aliyekuwa na chupa ya soda ya mjukuu wake. Kwa kuwa mama alikuwa bado anaweza kumeza, nilimnywesha kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa jasho likakauka, akanitazama na kuniuliza, "Mbona watu wamejaa hapa?" Tukampa na mkate wa bibi yule yule, akala. Tuliposhuka Malindi alitembea kwa miguu yake.

Ndugu zangu, lau bibi yule angekuwa na chupa ya maji matupu, sijui ningekuwa naandika makala gani leo.

KWA NINI SUKARI ILISHUKA

Vipo vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, ambavyo hulilazimisha kongosho kutoa insulini. Mtu akivimeza kisha asile, insulini huendelea kufanya kazi yake na kuishusha sukari iliyomo katika damu hata chini ya kiwango ambacho ubongo unakihitaji. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kujidunga insulini kisha akaacha kula. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hasira zisizo na sababu, na mwisho ni degedege na kupoteza fahamu.

Huduma yake ni hii. Kama mgonjwa ana fahamu na anameza, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari ya kweli. Soda zile zinazotangazwa kuwa hazina sukari hazifai hapa. Subiri dakika kumi na tano. Kama hajapata nafuu, rudia. Akishatulia mpe chakula cha kukaa tumboni kama mkate au biskuti. Kama amepoteza fahamu, usimpe kitu chochote mdomoni, si soda, si asali, wala maji ya Zamzam, kwani kitaingia katika mapafu. Mlaze ubavu na uwaite mara moja mabaharia ili waombe msaada wa hospitali.

Kisomo kina mahali pake na hakuna anayekikataa. Lakini mwenye kisukari akianza kusema maneno yasiyoeleweka, sukari itangulie, na anayesoma aendelee kusoma huku mwingine akikoroga.

WIKI MBILI KABLA YA SAFARI

Matayarisho ya afya hayafanywi usiku wa safari. Yaanzeni wiki mbili au zaidi kabla, mkiwa na nafasi ya kwenda kliniki.

Kwanza, kila mwenye maradhi ya kudumu, yaani kisukari, presha, pumu, kifafa, selimundu au moyo, aende kliniki akaangaliwe na apewe dawa za kutosha siku zote za safari pamoja na akiba ya wiki moja. Bahari ikichafuka boti huahirishwa, na dawa ya siku tatu haiwezi kungojea upepo utulie. Aulize pia dawa yake aimeze vipi siku ya kuvuka. Kwa mwenye kisukari jibu si kuacha kula. Ale chakula chepesi kama uji au mkate saa moja au mbili kabla ya kupanda.

Pili, mama mjamzito apate ruhusa ya mkunga wake, na asisafiri bila kadi ya kliniki. Mimba iliyoingia mwezi wa tisa si ya kupelekwa katika mawimbi.

Tatu, wasafiri wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, ikiwemo Kenya, hutakiwa cheti cha chanjo wanapoingia Tanzania. Chanjo hii huchomwa angalau siku kumi kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, hivyo mwenye kadi ya zamani haitupi. Haichomwi kwa mtoto wa chini ya miezi tisa kwa safari za kawaida, na mjamzito au mwenye mzio mkali wa mayai amweleze mchanjaji kabla.

Nne, kama mna bima ya afya, ulizeni mapema kama kadi yenu inapokelewa upande wa pili, na ni hospitali gani. Mjue pia hospitali iliyo karibu na mtakapofikia. Unguja hospitali kubwa ya rufaa ni Mnazi Mmoja, mjini. Pemba kuna Abdalla Mzee ya Mkoani, na zipo pia za Chake Chake na Wete. Anayefikia kijiji cha mbali aulize usiku hupatikana gari gani. Swali hilo liulizwe mchana, kabla ya mtoto kuugua.

MFUKO WA MKONONI

Huu ni mfuko mdogo wa kitambaa au mkoba wa begani, ambao hautoki mkononi mwa mtu mzima mmoja anayejulikana. Hauwekwi chini na mizigo, haupewi mchukuzi, wala hauchanganywi na nguo. Ndani yake kuwe na vitu hivi:

1. Dawa za kila siku za kila mgonjwa, zikiwa katika pakiti zake zenye jina. Msivichanganye vidonge katika kikopo kimoja, kwani vingi vinafanana. Sehemu ya akiba iwekwe katika mzigo mwingine, ili mmoja ukipotea msibaki bure.

2. Kipimo cha sukari pamoja na vijiti vyake, kwa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari. Na pampu ya pumu kwa mwenye pumu. Pampu iliyo katika sanduku ni sawa na pampu iliyobaki nyumbani.

3. Kitu cha sukari: tende, glukosi ya unga, au juisi. Huu ni uzito wa robo kilo ambao mimi sikuubeba.

4. Pakiti sita za ORS na vidonge vya zinki kwa watoto.

5. Panadol ya homa na maumivu, ya watu wazima na ya watoto, na kipimajoto.

6. Pamba, bandeji, plasta, sabuni, na kibanio kidogo cha kutolea miiba.

7. Maji safi ya kunywa, chupa moja kwa kila mtu. Na chupa nyingine ya maji kwa ajili ya chooni na udhu, maana bomba la chooni katika chombo halina ahadi.

8. Kopo lenye kifuniko la kutapikia na vitambaa viwili vitatu. Msitegemee mifuko ya rambo. Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku, na bara imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

9. Karatasi moja yenye jina la kila mgonjwa, maradhi yake, dawa zake na vipimo vyake, vitu vinavyomdhuru, na namba ya simu ya jamaa. Mgonjwa akipoteza fahamu, karatasi hii ndiyo itakayosema kwa niaba yake.

Kwa wenye kutumia insulini kuna neno la ziada. Insulini huharibika kwa joto na huharibika pia kwa kuganda. Usiiache ndani ya gari wala katika mkoba ulioachwa mchangani juani, na usiilaze juu ya barafu tupu. Ifunge kwa kitambaa na uiweke katika chombo cha kutunzia baridi. Kama mnafikia mahali pasipo na jokofu, chungu cha udongo kilichotiwa mchanga wenye unyevu na kuwekwa kivulini huifaa. Chupa iliyokwisha anza kutumika, ikiwa mahali pa ubaridi wa namna hiyo, kwa kawaida hutumika kwa siku 28, kisha hutupwa.

NDANI YA CHOMBO

Msimu wa kusi, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, mkondo huwa na mawimbi kuliko wakati wa kaskazi, ambayo ni ya Desemba hadi Machi. Kichefuchefu hutokana na sikio la ndani kuhisi chombo kinayumba huku macho yanatazama kiti kilichotulia, ubongo ukapata habari mbili zinazogombana. Kwa hiyo kaa sehemu ya katikati na ya chini, ambapo myumbo ni mdogo. Tazama mbali, pale bahari na mbingu zinapokutana. Usisome na usitazame simu. Tangawizi mbichi ya kutafuna huwasaidia baadhi ya watu.

Wapo wanaomeza vidonge vya kuzuia kutapika kama promethazini, yapata saa moja kabla ya kupanda. Vinafaa, lakini hulevya usingizi. Asiyejua havimdhuru vipi asivimeze siku anayotazamia kuendesha gari baada ya kushuka. Na hapa nawasihi akina mama kwa mkazo: promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumzuia kupumua. Usimkatie mwanao kipande cha kidonge chako ati alale. Mtoto mchanga akitapika, mnyonyeshe kidogo kidogo.

Kabla chombo hakijang'oa nanga, jueni majaketi ya kujiokolea yako wapi, na jinsi la mtoto linavyofungwa. Hatujasahau MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imebeba kupita kiasi, wala MV Skagit ya 18 Julai 2012. Ukiona chombo kimejazwa kupita uwezo wake, tiketi yako isikuonee uchungu. Shuka.

Ama masuala ya kupunguza na kukusanya sala katika safari hii, waulizeni masheikh wenu kabla ya kuondoka. Mimi nasema la udhu tu. Mlango wa kwanza wa fiqhi tuliousoma chuoni ni wa maji, na maji ya bahari tulisoma kwamba ni tohara. Kwa hiyo msimalize maji ya kunywa ya mgonjwa kwa ajili ya udhu wakati mmefika ufukweni na bahari iko mbele yenu.

UFUKWENI: HESABU MWEZI

Mtoto wa bara hajui kwamba bahari inaondoka na kurudi. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje, Jambiani na Makunduchi, maji yanapokupwa huenda mbali sana, na watu hutembea juu ya mchanga hadi karibu na mwamba. Kisha maji hurudi. Hayarudi kwa kishindo kutoka mbele. Hujaza kwanza mikondo na mashimo yaliyo nyuma yako, na ukigeuka unakuta kati yako na ufuo pana kina.

Sisi Waislamu tuna kalenda inayotusaidia hapa. Maji ya bamvua, ambayo hukupwa sana na kujaa sana, huja pamoja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani siku za mwanzo wa mwezi wa Kiislamu na katikati yake. Idd el Fitr ni mosi Shawwal. Maana yake ni kwamba kila Idd el Fitr watoto wetu wanakwenda ufukweni katika siku za bamvua. Katika siku hizo, kwenye pwani yetu, maji aghalabu hukauka kama saa nne au saa tano asubuhi na hujaa kama saa kumi alasiri. Basi mchana wote baada ya Adhuhuri, wakati ambao watoto wamekwisha kula pilau na kukimbilia ufukweni, ndio wakati ambao bahari inaingia. Idd el Hajj, kwa kuwa ni mwezi kumi, huangukia karibu na maji mafu, lakini tahadhari ni ile ile. Waulizeni wavuvi wa pale, wao hawakosei.

Kila watoto wanaooga wawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama tu. Kuzama si kelele kama watu wanavyodhani. Mtoto hunyamaza na kupotea katika dakika chache. Mwenye kifafa asioge peke yake hata maji yakiwa ya magoti. Mwenye selimundu asikae sana katika maji ya baridi na anywe maji mara kwa mara, kwani baridi na kukaukiwa maji humletea maumivu.

Dada zetu nao wasiingie na baibui zito wala mtandio mrefu. Kitambaa kilicholowa huvuta chini na hunasa miguu. Lipo vazi la kuogea lenye kusitiri ambalo ni jepesi na linabana mikono na miguu, na ufukwe usio na watu wengi hupatikana kwa kuuliza. Sitara na usalama havigombani.

Viatu vya mpira au vya kitambaa visisahaulike. Juu ya mwamba wapo wadudu weusi wa bahari wenye miiba mirefu kama nungunungu. Ukichomwa, toa miiba inayoonekana kwa kibanio, kisha tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu. Mwiba uliozama karibu na kiungo upelekwe hospitali. Na mwenye kisukari asitembee peku kabisa, hata mchangani. Nyayo zake zaweza kuwa zimekufa ganzi, mchanga wa saa saba ukamchoma asihisi, na kidonda hicho ndicho kinachoishia kukatwa mguu.

Ukiguswa na yavuyavu, osha kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga, kisha tumia maji ya moto kama nilivyoeleza. Wapo wanaoshauri mkojo. Hautibu, na ni najisi.

CHAKULA CHA UGENINI

Mgeni hukaribishwa, na kukataa ni vigumu. Lakini chagueni kilichoiva na chenye moto. Jodari na vibua vilivyokaa juani huzalisha sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mlaji huwashwa, hupata wekundu usoni na kuumwa kichwa ndani ya saa moja. Samaki aitwaye bunju aachwe kabisa.

Na nyama ya kasa. Masheikh wana kauli zao juu yake, mimi nasema la tiba. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kuila. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, huko huko Pemba, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na watu 78 walilazwa. Sumu yake haionekani, hainuki, na haifi kwa kupikwa, na imewahi kupita hadi katika maziwa ya mama anayenyonyesha. Ukiletewa, omba radhi, wala usimpe mtoto hata ya kuonja.

Mtoto akiharisha, usingoje kesho. Koroga pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi. Kila baada ya kuharisha, wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe, aliyezidi umri huo nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo kwa kijiko. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Macho yakizama, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, akishindwa kunywa, akilegea, au pakiwa na damu, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

HOMA SAFARINI NA BAADA YA KURUDI

Kwa miaka mingi upimaji umeonyesha kwamba wenye vimelea vya malaria Zanzibar hawafiki hata mmoja katika mia. Hiyo ni neema iliyopatikana kwa juhudi, na sisi wa bara ndio tunaoweza kuiharibu, kwani vimelea husafiri nasi ndani ya damu. Mwenye homa kabla ya safari apimwe na atibiwe amalize dozi. Akipata homa akiwa kisiwani aende kupima siku hiyo hiyo, na aseme wazi kwamba ametoka bara, kwa sababu muuguzi wa pale huenda asiifikirie malaria kwanza. Alaleni ndani ya chandarua huko kama nyumbani.

Homa yenye maumivu makali ya viungo na nyuma ya macho, na kipimo cha malaria kinasema hakuna, yaweza kuwa dengi, iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Hapo tumia panadol tu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuzidisha kutokwa na damu.

Na mkirudi, mtu akipata homa ndani ya mwezi mmoja, amtajie tabibu safari yake.

MWISHO

Ndugu msomaji, sote tunakijua kisa cha bedui na ngamia wake, na tumefundishwa kwamba tawakali huja baada ya kamba. Katika safari hii kamba ni ule mfuko mdogo. Mama yangu angali anavuka bahari, Alhamdulillah, na siku hizi haniachii mimi kazi hiyo. Mkoba wake unaning'inia nyuma ya mlango, umo kipimo, vidonge, karatasi na tende. Akinyanyua mkoba huo ndipo mimi naruhusiwa kunyanyua sanduku. Na kila akipanda hununua soda moja asiyoinywa, anasema ni ya mtu atakayeihitaji.

Nyumba yenye mzee au mtoto iufunge mfuko huo leo, hata kama safari ni ya mwezi ujao.

Wabillahi tawfiq.